Mwarobaini: Kutoka Uani kwa Madrasa Hadi Maabara ya Dkt. Salimuzzaman Siddiqui

Bismillaahir Rahmaanir Rahiym



Ndugu wazazi, na nyinyi wanafunzi wetu wapenzi, leo tunataka kuzungumza nanyi kuhusu mti ambao kila mmoja wetu anaujua kwa uchungu wake kabla ya kuujua kwa jina lake.

Uani kwa madrasa yetu umesimama mwarobaini mmoja. Wanafunzi hukaa chini yake wakisubiri adhana ya Alasiri, na haipiti wiki bila mama mmoja wa mtaani kupiga hodi kuomba majani. Huyu mtoto wake ana upele, yule ana homa, wa tatu analalamika tumbo. Sisi hatukuwa tukimnyima mtu. Tulikuwa tukiona ni sadaka, tena sadaka isiyotugharimu kitu.

Masika moja, miaka mingi sasa imepita, mwanafunzi wetu wa Juzuu 'Amma hakuonekana kwa siku nne. Tulipokwenda kumjulia hali tulimkuta amelazwa mkekani, macho yamekuwa ya manjano, hatambui nani ameingia. Mama yake alitupokea kwa utulivu kabisa. Akatuambia tusiwe na wasiwasi, mtoto anakunywa maji ya mwarobaini tangu Jumapili, na majani yenyewe ni ya pale pale madrasani. Usiku ule ule tulimbeba kumpeleka hospitali. Ilikuwa malaria kali. Alhamdulillaah, alipona, na leo ni mtu mzima mwenye watoto wake. Lakini yale maneno, "ni ya pale pale madrasani", hayajatutoka mpaka leo.

Aliporudi darasani, mtoto huyo huyo alinyoosha kidole akauliza, "Ustadhi, hayo maradhi arobaini ni yapi?" Tulichukua chaki tukaanza kuyaandika ubaoni. Tulifika kumi na moja, na tulipoyatazama vizuri tukaona matatu kati yake ni homa ile ile kwa majina mbalimbali. Wanafunzi wakacheka, nasi tukacheka pamoja nao. Ila swali lilibaki. Makala hii ni jibu letu kwake, ingawa limechelewa.

Mti na jina lake

Mwarobaini si mti wa asili ya Afrika. Asili yake ni Bara Hindi na nchi ya jirani ya Myanmar, na huku Afrika Mashariki uliletwa na Wahindi. Wenyewe huuita nimu. Jina lake la kisayansi ni Azadirachta indica, na neno la kwanza limetokana na Kiajemi: azad maana yake huru, na dirakht maana yake mti. Yaani mti huru wa Uhindi. Watu wetu wa pwani walipouona unatumika kwa kila jambo, wakaupa jina la hesabu: mti wa maradhi arobaini.

Ukoo wake ni ule ule wa mkangazi, mti wa mbao nzuri. Hustahimili joto na ukame, na hubaki kijani wakati miti mingine imekauka. Kwa sababu hiyo ulipandwa hata katika uwanja wa 'Arafah. Ripoti iliyochapishwa Marekani mwaka 1992 na Baraza la Taifa la Utafiti la huko ilitaja miti takriban 50,000 iliyopandwa katika eneo la kilomita za mraba 10 ili kuwapa mahujaji kivuli. Basi wapo miongoni mwetu waliosimama siku ile tukufu chini ya mwarobaini bila kujua kuwa ni mti wa nyumbani kwao.

Hapa inafaa tuseme jambo moja waziwazi. Tumewasikia wauzaji wa dawa wakinadi mwarobaini kama "dawa ya Sunnah". Mti huu ni neema ya Allaah kama miti yote, lakini tusimnasibishie Mtume (Swalla Allaahu 'alayhi wa sallam) kitu ili kipate bei sokoni. Sifa za mwarobaini zimekuja kwa njia ya uzoefu wa watu wa Uhindi, kisha kwa njia ya maabara. Historia hiyo inatosha, haihitaji kuongezewa.

Uchungu unatoka wapi?

Ukitafuna jani la mwarobaini ulimi unakataa. Bibi zetu walisema uchungu ndio dawa. Wakemia waliuliza swali la pili: uchungu wenyewe ni kitu gani?

Chukueni mbegu ya limau mkaitafune. Nayo ni chungu. Uchungu wa mbegu ya limau na ule wa mwarobaini unatokana na viambato vya ukoo mmoja, vinavyoitwa limonoidi, na jina hilo limechukuliwa kutoka kwa limau lenyewe. Ni molekuli kubwa zilizojengwa kwa kaboni, hidrojeni na oksijeni, zikafungwa pamoja kwa pete. Mmea hauzitengenezi kwa ajili yetu. Ni silaha zake dhidi ya wadudu na viumbe vingine vinavyotaka kuula. Ndani ya mwarobaini wanasayansi wameshatenga viambato vya namna mbalimbali kwa mamia, na limonoidi ndiyo maarufu kuliko vingine.

Lakini mpaka miaka ya 1940 hakuna aliyekuwa amevitenga na kuvipa majina. Aliyefungua mlango huo alikuwa Muislamu wa Uhindi, na kisa chake ndicho tunachotaka wanafunzi wetu wakijue.

Hakim na mwanakemia

Salimuzzaman Siddiqui alizaliwa tarehe 19 Oktoba 1897 katika wilaya ya Barabanki, karibu na mji wa Lucknow. Alisoma Aligarh, na shahada yake ya kwanza, mwaka 1919, haikuwa ya sayansi bali ya falsafa. Mwaka 1920 alikwenda London kusomea udaktari, lakini baada ya mwaka mmoja akahamia Frankfurt, Ujerumani, akageukia kemia. Huko alipata udaktari wa falsafa mwaka 1927. Alikuwa pia mchoraji hodari, na picha zake zilionyeshwa huko huko Frankfurt akiwa bado mwanafunzi.

Delhi wakati huo alikuwapo Hakim Ajmal Khan, tabibu mkubwa wa tiba ya Kiyunani, yaani ile tiba iliyoanzia kwa Wayunani, ikakuzwa na matabibu wa Kiislamu kama Ibn Sina, kisha ikaota mizizi Uhindi. Hakim huyu alianzisha chuo cha tiba cha Tibbia, na alikuwa miongoni mwa waasisi wa chuo kikuu cha Jamia Millia Islamia mwaka 1920. Angeweza kusema kuwa elimu ya wazee wake imekamilika na haihitaji kuguswa. Hakusema hivyo. Alitaka dawa zile zichunguzwe kwa kemia ya kisasa, na akamtaka kijana Siddiqui aje kuifanya kazi hiyo.

Hakim alifariki Desemba 1927. Mwaka uliofuata Siddiqui akaanza kuongoza taasisi ya utafiti ya Tibbia. Kazi yake ya kwanza kubwa ilikuwa juu ya mmea uitwao Rauvolfia serpentina, ambao matabibu wa Uhindi walitumia mizizi yake kwa watu wenye wazimu na wenye shida ya damu. Mwaka 1931 alitangaza kuwa ametenga ndani yake viambato kadhaa. Kimojawapo alikiita ajmalini, kwa jina la Hakim Ajmal Khan.

Ndugu zetu, tusimame kidogo hapa. Kijana amesoma Ulaya, amerudi na shahada, amepata kitu ambacho dunia haijakiona. Angeweza kukiita kwa jina lake mwenyewe. Akakiita kwa jina la mzee aliyemwonyesha njia, aliyekwisha kufa na asiyeweza kumlipa chochote. Hii ndiyo adabu ya mwanafunzi kwa mwalimu wake. Na ajmalini haikuishia vitabuni. Mpaka leo madaktari wa moyo huitumia kutambua maradhi fulani ya mapigo ya moyo yanayojificha, yaitwayo Brugada. Hata sisi watu wa Maziwa Makuu tuna uhusiano na kisa hiki, kwani mmea ndugu wa ule wa Uhindi, Rauvolfia vomitoria, humea Kongo, na mizizi yake iliuzwa nje kutengenezea dawa ya shinikizo la damu iitwayo reserpini.

Mwaka 1942

Mwaka 1940 Siddiqui alijiunga na baraza la serikali la utafiti wa sayansi na viwanda, na hapo akaugeukia mwarobaini. Alichukua mafuta ya mbegu zake, mafuta mazito yenye harufu kali, akayapitisha katika vimiminika mbalimbali kama etha na alkoholi. Kila kimiminika huyeyusha kitu chake na kuacha vingine, kama vile maji yanavyoyeyusha sukari yakaacha mafuta. Hatua kwa hatua vitu vilivyochanganyika vikaachana. Mwaka 1942 alitangaza viambato vitatu vichungu: nimbini, nimbinini na nimbidini.

Tangu hapo mwarobaini ulitoka kwenye vibuyu ukaingia kwenye majarida ya kemia. Watafiti waliofuata waliijaribu nimbidini kwa panya wa maabara wakaona inapunguza uvimbe. Wengine walipata ndani ya mti huu kiambato kiitwacho gedunini, na walipokiweka pamoja na vimelea vya malaria ndani ya vyombo vya kioo, vimelea vilidhoofika. Wazee hawakuwa wakiota. Kulikuwa na kitu.

Siddiqui mwenyewe alihamia Pakistan mwaka 1951 kwa mwaliko wa serikali ya huko, akajenga baraza la utafiti la nchi hiyo, kisha taasisi ya kemia katika Chuo Kikuu cha Karachi. Mwaka 1961 alichaguliwa kuwa mwanachama wa Royal Society ya London. Alifariki tarehe 14 Aprili 1994 mjini Karachi akiwa na umri wa miaka 96, na aliendelea na utafiti hata katika uzee wake.

Nzige walioukataa mti

Mwaka 1959 nzige waliivamia Sudan. Mtaalamu wa wadudu wa Kijerumani, Heinrich Schmutterer, aliona kuwa walipomaliza kila jani, miarobaini peke yake ilibaki kijani. Nzige walitua juu yake, lakini hawakuila.

Mwaka 1968, Uingereza, wakemia Butterworth na Morgan walitenga kitu kinachowafukuza nzige hao. Wakakiita azadiraktini. Nguvu yake ni ya ajabu. Mdudu akikionja huacha kula. Mdudu mchanga akikimeza, kinavuruga homoni inayomwezesha kubadili ngozi, basi anakwama ndani ya ngozi yake ya zamani na kufa. Sisi wanadamu hatubadilishi ngozi kwa homoni hiyo, na kwa sababu hiyo dawa za shambani za azadiraktini si kali kwa watu na wanyama kama zilivyo sumu nyingi za viwandani. Pia jua huivunja upesi, isibaki shambani muda mrefu.

Molekuli hiyo ina atomi 35 za kaboni, 44 za hidrojeni na 16 za oksijeni, zimefumwa kwa namna ambayo iliwashinda wakemia kwa miaka. Profesa Steven Ley na wenzake katika Chuo Kikuu cha Cambridge walifaulu kuitengeneza maabara mwaka 2007, baada ya kazi ya miaka 22. Kitu ambacho mti wa uani unakitengeneza bila kelele, mabingwa wa dunia kiliwachukua miaka 22. SubhaanaAllaah.

Ni mali ya nani?

Elimu ikishakuwa na faida, huja watu wa kuidai. Mwaka 1994 Ofisi ya Hataza ya Ulaya iliipa kampuni ya W. R. Grace, pamoja na Wizara ya Kilimo ya Marekani, hataza juu ya njia ya kuzuia kuvu wa mimea kwa mafuta ya mwarobaini. Wahindi walishangaa. Vipi mtu amilikishwe jambo ambalo wakulima wao wamelifanya siku zote? Mwanaharakati Vandana Shiva na wenzake, pamoja na shirikisho la wakulima wa kilimo hai, walifungua pingamizi. Mwaka 2000 hataza ikafutwa, na rufaa ikakataliwa mwaka 2005.

Linganisheni na ajmalini. Siddiqui alipata kitu kipya akampa jina mwalimu wake. Wengine walikuta kitu cha wazee wa watu wakataka kukiandika kwa jina lao. Elimu yenyewe ni moja, tofauti ni amana.

Tumrudie mtoto aliyeuliza

Sasa tuseme kwa uadilifu. Je, mwarobaini unatibu maradhi arobaini? Hapana. Arobaini ni neno la kusifu, kama mtu anavyosema "nimekwambia mara mia". Kilichothibitika kwa nguvu zaidi ni kazi yake dhidi ya wadudu wa mazao. Yapo mengine yenye dalili njema, kama vile dhidi ya uvimbe na vijidudu vya kinywani. Ama malaria, kuua vimelea kwenye chombo cha kioo si sawa na kuviua ndani ya damu ya mtoto. Kiambato lazima kipite tumboni, kiingie damuni kwa kiasi cha kutosha, kisidhuru ini, na kijaribiwe kwa watu kwa kipimo kinachojulikana. Gedunini haijavuka safari hiyo. Mmea wa Kichina uitwao Artemisia annua umeivuka: Bi Tu Youyou na wenzake walitenga artemisinini mwaka 1972, ikajaribiwa, na leo ndiyo msingi wa dawa mseto za malaria tunazopewa hospitalini. Yeye alipata Tuzo ya Nobel mwaka 2015. Basi hospitali haikuukataa mti. Inatoa dawa iliyotokana na mmea, baada ya kupimwa.

Pia mwarobaini unaweza kudhuru. Mwaka 1981 madaktari wa Malaysia waliripoti katika jarida la Lancet juu ya watoto wachanga walionyweshwa mafuta ya mbegu zake kwa maradhi madogo madogo. Watoto hao walitapika, wakalegea, wakashikwa na degedege, na maini yao yakaharibika. Kwa hiyo tunawausia:

- Msimnyweshe mtoto mafuta ya mwarobaini, hata kijiko kimoja.
- Mama mjamzito, au anayetafuta mimba, asinywe mwarobaini. Majaribio ya wanyama yameonyesha kuwa unaweza kuzuia mimba au kuiharibu.
- Mtoto mwenye homa apelekwe kupimwa malaria siku hiyo hiyo, wala isisubiriwe "kwanza tuone mwarobaini utafanya nini".
- Mkitumia dawa yoyote ya miti, mwambieni daktari. Msifiche kwa kuona haya.

Mtume (Swalla Allaahu 'alayhi wa sallam) ametuhimiza tujitibu, na ametufunza kuwa hakuna maradhi yaliyoteremshwa bila dawa yake. Lakini imepokewa pia kutoka kwake kuwa mwenye kutibu watu hali hajulikani kuwa na elimu ya tiba, basi dhamana ni yake. Sisi tuliokuwa tukigawa majani langoni bila kuuliza swali tulijiona tunatoa sadaka. Siku ile mkekani tulifahamu kuwa tulikuwa tumejitwisha dhamana.

Mwarobaini wetu bado umesimama, na hatuna nia ya kuukata. Watoto wanaupenda kwa kivuli chake, na majani makavu tunayaweka kwenye magunia ya mahindi kufukuza dumuzi. Mama akija kuomba majani, tunampa. Ila sasa tunamuuliza kwanza: ni ya nani, anaumwa nini, na tangu lini? Akitaja homa, tunafunga darasa na kumsindikiza zahanati.

Wanafunzi wetu, hasa nyinyi mnaosoma kemia na baiolojia sekondari, msidhani masomo hayo yako mbali na madrasa. Hakim Ajmal Khan alikuwa na elimu ya wazee, Siddiqui alikuwa na elimu ya maabara, na kila mmoja alimhitaji mwenzake. Uani kwenu mna mti, na mna bibi anayeujua. Muulizeni, muandike anayosema, kisha msome mpaka muweze kuyapima.

Tunamuomba Allaah atuzidishie elimu yenye manufaa, awaponye wagonjwa wetu, na atulindie watoto wetu. Aamiyn.

Wabillaahi tawfiyq, was-salaamu 'alaykum warahmatullaahi wabarakaatuh.